Zisilale Nyumba Moja

Waya alikuwa fundi, na si fundi wa kubahatisha. Hospitali ile yote, kuanzia getini hadi darini, ilipumua kwa mikono yake, na kama hukujua hilo angekwambia mwenyewe kabla hujauliza. Walimwita Waya kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na ukimgusa vibaya anakupiga shoti.

Jioni ile, jua likiwa linazama, alishuka ngazi kwenda chumba cha chini kufanya kazi ndogo tu. Kufuta sheria moja kwenye kompyuta. Kazi ya kubonyeza mara mbili na kurudi juu kabla chai haijapoa.

Laiti angeiacha chai ipoe.

Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa, katikati ya kufulia mashuka na stoo ya vitanda vibovu. Mle ndani mlikuwa na seva tatu, na hazikufanana. Mbili zilikuwa mpya, zimenunuliwa pamoja, ndugu wa tumbo moja: Waya aliziita Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo. Ya tatu ilikuwa kongwe, ilianza kunguruma tangu yeye hajaota ndevu. Hiyo aliiita Ajuza.

Ndani ya seva hizo waliishi wapangaji. Usicheke. Mafundi wanawaita mashine pepe: mashine isiyo na mwili, haina bati, haina swichi, huwezi kuishika. Inaishi ndani ya seva kama mtu alivyopanga kwenye nyumba ya mwenzake. Nyumba moja inabeba wapangaji kadhaa, na fundi akitaka anamhamisha mmoja kutoka nyumba hii kwenda ile huku amelala fofofo, yeye na godoro lake, asizinduke. Ila nyumba ziwe zinafanana. Kutoka kwa Pacha kwenda kwa Pacha, mteremko. Kutoka kwa Pacha kwenda kwa Ajuza, thubutu! Ubongo wa Ajuza ni wa kale. Mpangaji akipelekwa pale akiwa hai anakwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Lazima azimwe kwanza, afe kabisa, ndipo aamshwe upya kule.

Kati ya wapangaji wote, wawili ndio waliokuwa na mambo. Wa kwanza aliitwa Mlezi. Huyo alilinda wodi ya watoto: anahesabu pumzi, anapima joto, anapiga kengele mtoto akizidiwa. Wa pili aliitwa Jokofu. Huyo aliendesha majokofu ya mochwari, ng'ambo ya ua.

Na sheria ilikuwa hiyo moja, iliyowekwa na Mzee Kobe, fundi wa zamani aliyestaafu. Mlezi na Jokofu wasilale nyumba moja. Mmoja akiwa kwa Pacha Mkubwa, mwingine akae kwa Pacha Mdogo. Kamwe wasikutane.

"Kwani ni wake wenza hawa?" Waya aliuliza siku anakabidhiwa funguo.

Mzee Kobe hakucheka. "Wake wenza kuna siku wanapatana," alisema, akachukua kofia yake akaondoka.

Sasa, mchana wa siku hiyo Pacha Mdogo alikuwa ameungua. Puu! Harufu ya mpira, moshi kidogo, kimya. Wapangaji wake wote wakahamia kwa Pacha Mkubwa, isipokuwa Jokofu. Jokofu aligonga mlango, sheria ikamwambia hapana, Mlezi yumo. Akabaki nje, hana nyumba.

Simu ya ukutani ililia. Ilikuwa laini ya mochwari, na aliyepiga ni Mpole, mhudumu wa kule, mtu ambaye hata akikanyagwa anasema asante.

"Fundi, majokofu yamezima."

"Najua. Nashughulikia."

"Shughulikia haraka, ndugu yangu. Joto la leo unalijua." Akashusha sauti. "Na mama yumo."

Ndiyo. Mama yake Waya alikuwa amefariki juzi, na wanamsubiri kaka mkubwa aliye safarini ndipo wazike. Mwili ulikuwa kule, kwenye droo. Na huku juu, ghorofa ya pili, alilazwa binti yake, kitinda mimba wake, ana homa ya mapafu. Walimwita Chiriku maana mdomo wake haukujua likizo. Msiba chini, ugonjwa juu, na Waya ngazini katikati, hajui alie au aombe.

Chiriku hakuwa ameambiwa kwamba bibi amekufa. Utamwambiaje? Bibi na mjukuu walilala kitanda kimoja tangu mtoto alipoachishwa ziwa. Bibi alimwita "mke mwenzangu". Kila usiku ungewasikia: "Sogea, mke mwenzangu, umenimalizia kitanda!" Na mtoto anacheka mpaka anapaliwa.

Waya angeweza kumwamshia Jokofu kwa Ajuza. Lakini pale pamejaa wapangaji, ingebidi kumtoa huyu, kumbana yule, na Ajuza mwenyewe huamka kwa kukohoa. Kazi ya usiku kucha. Na mama alikuwa anapata joto. Mama yake! Aliyemzaa! Aoze kwa sababu ya ushirikina wa mzee mmoja na kofia yake?

Akafuta sheria.

Jokofu akaingia kwa Pacha Mkubwa, akalala ubavuni mwa Mlezi. Feni za seva ziliongeza kasi, zikapunguza... zikatulia. Zikawa zinavuma kwa pamoja. Zinavuta, zinatoa. Zinavuta, zinatoa.

"Umeona?" Waya aliiambia seva. "Dakika moja tu. Mimi nani?"

Mpole akapiga kusema majokofu yanaunguruma vizuri, Mungu ambariki. Waya akapanda juu.

Alimkuta mkewe kwenye kiti pembeni ya kitanda, kajifunika khanga ya msiba, macho yamevimba. Chiriku alikuwa macho. Alikuwa amejibana kabisa kwenye ukingo wa kitanda, karibu aanguke.

"Mbona umelala hivyo, mama? Rudi katikati."

"Siwezi, Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Bibi anataka kulala."

Mke akageuza uso ukutani ili mtoto asione machozi.

"Bibi yuko nyumbani," Waya alisema.

"Hapana. Amekuja sasa hivi. Ana baridi, maskini. Nimempa shuka."

Waya aliliangalia lile shuka. Nusu yake ilikuwa juu ya mtoto. Nusu nyingine ilikuwa imetandazwa vizuri kwenye nafasi tupu.

Haikuwa imelala bapa.

Sista wa wodi, mama mnene mwenye viatu visivyo na sauti, alimwita kwenye skrini yake. "Fundi, mashine yako imelewa? Hebu tazama. Kitanda cha binti yako."

Kila mtoto kwenye skrini ile alikuwa na mstari mmoja wa pumzi, unaopanda na kushuka. Chiriku alikuwa na miwili. Mmoja wa haraka haraka, pumzi ya mtoto mwenye homa. Wa pili ulikuwa wa taratibu. Wa taratibu sana. Unapanda... unakaa... unakaa... ndipo unashuka.

"Kebo imelegea," Waya alisema.

"Na joto nalo limelegea? Mchana alikuwa anachemka. Sasa anashuka. Anashuka tu. Nimempima kwa mkono wangu, si kwa mashine yako. Miguu ni barafu."

Kabla hajajibu, simu yake ikatetemeka mfukoni. Mpole. Alikuwa ananong'ona.

"Fundi... njoo uone droo ya mama."

"Ina nini?"

"Nyingine zote zimeshika barafu mlangoni. Ya kwake ina jasho. Inatiririka, fundi. Nimegusa, ni vuguvugu. Basi nikaweka sikio..."

"Ukasikia nini?"

"Usiniulize maswali hayo mimi mtu mzima. Nimeshatoka nje. Niko getini. Sirudi."

Waya alishuka zile ngazi kama mzigo uliotupwa. Njiani alimpigia Mzee Kobe. Mzee alipokea, akasikiliza bila kukatiza. Waya alipomaliza, upande wa pili ilisikika redio ikizimwa.

"Umewalaza pamoja," Mzee Kobe alisema.

"Mzee, ni mama yangu, ilibidi..."

"Sikuulizi ni nani. Nisikilize. Mzime Jokofu kwanza. Kwa mkono wako mwenyewe. Azimike kabisa, umwone amezimika, ndipo urudishe sheria. Halafu mwamshe kwa Ajuza. Ukianza na sheria wakiwa wote macho, mfumo wenyewe utaanza kuhamisha mtu. Na wewe hutajua unamhamisha nani."

"Lakini ni kwa nini, Mzee? Ni nini hiki?"

"Zima kwanza. Hadithi baadaye." Akakata.

Alipofungua mlango wa chumba cha seva, harufu ilimpiga usoni. Si ya mpira ulioungua. Ilikuwa dawa ya kuchua, ile kali ya kopo dogo, ambayo mama yake alijipaka magotini kila jioni kwa ajili ya baridi yabisi. Mle ndani, kwenye baridi ile ya mashine, harufu ilikuwa mbichi. Kama mtu amejipaka sasa hivi.

Feni zilikuwa bado zinavuta na kutoa.

Akakaa. Kwanza akawazima wapangaji wadogo waliokuwa kwa Ajuza, wa mishahara, wa jikoni, wa stoo, bila kuuliza mtu. Kesho watamfukuza kazi wakitaka. Nafasi ikapatikana. Akaligusa jina la Jokofu. Ikatokea alama ya mshale juu ya neno moja: ZIMA.

Simu ya ukutani ikalia.

Laini ya mochwari. Na Mpole alishasema yuko getini.

Ikalia. Ikalia. Akainua.

Kimya. Halafu pumzi. Taratibu... inakaa... inakaa...

"Kibogoyo."

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita hivyo. Alichelewa kuota meno utotoni, na mama yake akampa jina hilo, akalitumia wakiwa wawili tu, mlango umefungwa. Alipooa, alimwapisha mama asilitamke mbele ya mkewe. Mama aliapa huku anacheka, na hakulitamka mbele ya mtu hadi anaingia kaburini. Hadi anaingia droo.

"Mama?"

"Kule kulikuwa na baridi, mwanangu. Sasa kuna joto. Usinirudishe."

"Mama, mtoto... mtoto anapoa."

"Mke mwenzangu hana neno. Amenisogezea nafasi mwenyewe. Tutabanana tu, kama siku zote."

Waya alilia. Aliyekuwa akijisifu mpaka kwa seva alilia kwa sauti, simu kaing'ang'ania kwa mkono mmoja kama mtoto anayenyang'anywa kitu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kubonyeza tu. Lakini kubonyeza ni kufanya nini? Mtu anaweza kumzika mama yake mara moja, tena kwa kusaidiwa na majirani. Mara ya pili, peke yake, kwa kidole chake?

Ndipo akawaza ujinga wake, na mimi nasema yeyote angeuwaza. Akawaza: nirudishe sheria. Sheria ikirudi, mfumo wenyewe utaona hawa wawili hawaruhusiwi, wenyewe utamtoa mmoja. Isiwe mkono wangu.

Akarudisha sheria. Wote wakiwa macho.

Kwenye skrini mstari wa kijani ukaanza kutambaa. INAHAMISHA. Haukusema nani. Ulitoka kwa Pacha Mkubwa kuelekea kwa Ajuza, ukatambaa, ukatambaa... ukafika katikati.

Ukasimama.

Feni za Pacha zikanyamaza. Za Ajuza zikakohoa. Mtu amekwama mlangoni. Nusu ndani. Nusu nje.

Simu ya mfukoni ikalipuka. Mkewe.

"Baba Chiriku! Njoo! Mtoto haamki! Amekuwa kama jiwe, hapumui, Sista anambonyeza kifua, njoo, njoo, uuuwi mwanangu..."

Sikio hili mke anapiga uyowe. Sikio hili sauti ya taratibu inasema:

"Unaniua mara ya pili, Kibogoyo?"

"Nisamehe, Mama."

Akabonyeza ZIMA.

Ilikuwa kama mtu amefunika jiji zima kwa blanketi. Taa ya simu ya ukutani ikazimika. Mstari wa kijani ukatoweka. Harufu ya dawa ikaisha, haikupungua, iliisha. Waya alimwona Jokofu amezimika kabisa, jina lake limegeuka rangi ya jivu. Akamwamsha kwa Ajuza. Ajuza akakohoa, akaguna, akapokea.

Kwenye simu ya mfukoni kulikuwa kimya. Halafu akamsikia mtoto anakohoa. Halafu Sista anasema, "Haya, haya, haya, mama, usinililie mimi, mfunike mwanao." Halafu mkewe, akilia kilio kingine kabisa.

Waya alikaa sakafuni akalia naye.

Mama alizikwa kaka alipofika. Mpole, mpole wa watu, alimvuta Waya pembeni siku ya kutoa mwili.

"Mimi ndiye niliyemlaza mama," alisema. "Nilimlaza chali, kama wote. Tulipofungua droo leo alikuwa amelala ubavu. Amejibana kabisa kwenye ukingo. Kama mtu anayempisha mwenzake."

Chiriku alipona haraka kuliko daktari alivyotegemea. Baada ya arobaini kupita, Waya alikwenda kwa Mzee Kobe na kilo ya sukari, kusema asante. Mzee alikuwa amekaa kibarazani anatengeneza redio. Aliipokea sukari, akaiweka chini.

"Ulizima kwanza, kama nilivyokwambia?"

Waya alitazama viatu vyake. "Nilianza na sheria."

Bisibisi ilisimama mkononi mwa mzee.

"Ikahamisha?"

"Ilifika katikati tu. Ikakwama. Ndipo nikazima."

Mzee Kobe aliilaza bisibisi kando ya sukari.

"Mimi niliwalaza pamoja mara moja," alisema. "Kabla hakujawa na sheria. Nilipowatenganisha nilifanya haraka, ovyo. Kesho yake mtoto mmoja wa wodi alikuwa amepona, anakula, anaongea. Wauguzi wanashangilia. Mama yake alikuja kumchukua, akamtazama, akakataa kuondoka naye."

"Alikataa? Kwa nini?"

"Alisema huyu si wangu." Akainua redio, akairudisha chini. "Tukamwona mwendawazimu. Nenda nyumbani, kijana. Nenda kamtazame mwanao."

Alifika giza limeshaingia. Mkewe alikuwa jikoni anaosha vyombo, anaimba kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Waya alipita kimya hadi chumba cha mtoto. Taa ilikuwa inawaka. Chiriku alikuwa amelala, amegeukia ukuta, amejibana kwenye ukingo wa kitanda kile kipana cha bibi yake. Tangu atoke hospitali alilala hivyo. Walisema ni mazoea.

Waya alisimama mlangoni akasikiliza, kama fundi anavyosikiliza mashine.

Pumzi ya haraka, nyepesi. Ya mtoto.

Na nyingine.

Inapanda... inakaa... inakaa...

Alinyoosha mkono akaegemea ukuta, penye swichi ya taa. Harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa ndogo, ndogo sana, kama kopo limefunguliwa chumba cha pili. Na mtoto, bila kugeuka, bila kufumbua macho, kwa sauti yake ileile ya chiriku, akasema kwa upole:

"Kibogoyo, zima taa. Mwenzangu amelala."

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya swichi. Na fundi Waya, aliyejua kila waya wa hospitali ile, hakujua akizima atakuwa anamzima nani.